Mama Viraka Anastaafu, Mkono Bado Umeshonewa Tumboni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, daktari bingwa wetu wa upasuaji wa kurekebisha maumbo anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu kisichoenea katika mstari mmoja. Wodini, jikoni, kwa walinzi wa getini na kwa wagonjwa wake wote anaitwa Mama Viraka. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, nimesimama kando yake nikimpa vifaa kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, kwa hiyo nitamwita hivyo hivyo.

Kamati ya Maandalizi iliniomba niandike wasifu mfupi, wenye heshima na usio na malalamiko. Huo ufupi nitajitahidi.

Alipoajiriwa, wengi walidhani kazi yake ni kunyoosha pua za matajiri. Mkurugenzi wa wakati ule alimkaribisha kwa kumuuliza kama anaweza kumwondolea kitambi kabla ya harusi ya binti yake. Lakini foleni ya mlangoni ilikuwa ya watoto walioungua moto, kidevu kimegandamana na kifua, vidole vimejikunja ndani ya kiganja. Hawakuungua juzi. Waliungua miaka ya nyuma, wakalazwa katika hospitali ndogo, wakafungwa bandeji na daktari mwema kabisa, halafu kidonda kikapona chenyewe kwa namna kinavyojua, yaani kwa kuvuta ngozi yote ya jirani. Daktari yule alijua kutoa kidole tumbo na kuunga utumbo. Kubandika kidondani ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili hakufundishwa, na ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Mama Viraka alikasirika, na hasira yake ndiyo iliyotuletea kozi. Alisema hawezi kuzeeka akikunjua watoto ambao wasingepaswa kujikunja hata kidogo. Akaamua kuwaita madaktari wa upasuaji wa kawaida, wale ambao si mabingwa wa fani yake na hawatakuwa, awafundishe mambo machache: kubandika ngozi mapema, kuachia shingo iliyoganda, kukata kovu kwa umbo la Z ili lirefuke, na kuhamisha kiraka chenye shina. Hicho cha mwisho ni kipande cha ngozi kinachoinuliwa, lakini upande mmoja kinaachwa kimeshikana na mwili ili damu iendelee kukilisha.

Wazo hilo lilipokewa kwa shangwe na kila mtu isipokuwa wenye mamlaka. Mabingwa wenzake walilalamika kwamba anagawa siri za kazi kama peremende. Ofisi ilikubali kozi iwepo mradi isiitwe kozi, chumba kisiwe chumba cha maana, na cheti kisitaje upasuaji. Wanafunzi wakapewa stoo nyuma ya dobi, yenye joto na harufu ya sabuni, na cheti kinachosema kwamba mwenye nacho amehudhuria. Amehudhuria nini, cheti kimenyamaza.

Masomo yalianzia kwenye mashuka yaliyochakaa. Kila daktari, hata awe amepasua matumbo tangu enzi za mkurugenzi wa kitambi, alichora Z kwenye shuka, akaikata, akabadilishanisha ncha zake na kuishona. Nimeona wanaume wazima, wenye magari mazuri na sauti za kuamrisha, wakitokwa jasho juu ya shuka huku Mama Viraka akiwaambia wafumue waanze upya. Siku moja shuka la mazoezi lilichanganyika na yaliyofuliwa, likatandikwa wodi ya daraja la kwanza, akalilalia mkubwa mmoja. Tume iliundwa kuchunguza hujuma. Ilikaa, ikanywa chai, ikawahoji madobi wote, ikahitimisha kwamba mhusika ni mtu ambaye jina lake linaanza na Z. Mhasibu mmoja asiye na habari akahamishwa.

Kutoka kwenye mashuka walipanda daraja, wakafika kwenye mapaja ya kuku. Hapo ndipo tulipomfahamu Bwana Ngiri, daktari wetu wa upasuaji wa kawaida, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ngiri alizozishona wilaya nzima. Mara ya kwanza alichora kiraka kizuri, akakiinua vizuri, halafu kwa furaha akakata na shina lake, akakinyanyua kwa koleo ili darasa lione. Mama Viraka alimtazama juu ya miwani.

“Hongera, daktari. Hiyo sasa ni ya supu.”

Bwana Ngiri alicheka kwa aibu, akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko wa wenzake wote, na wenzake hawakumficha. Lakini alikuwa na sifa moja ambayo Mama Viraka aliipenda kuliko wepesi: alipokosea alisema amekosea kabla hajaulizwa. Akawa msaidizi wake, na kwa miaka ya karibuni hakuna kiraka kilichoinuliwa hospitalini kwetu bila yeye kuwa upande wa pili wa meza.

Basi mwaka huu, ustaafu ulipokaribia, Ofisi ilitoa waraka. Kuanzia tarehe mosi Julai upasuaji wa kurekebisha maumbo utasimama mpaka bingwa mwingine apatikane. Madaktari wa kawaida wasijihusishe, kwa usalama wa wagonjwa. Wagonjwa wapelekwe hospitali kuu, ambako foleni ni ndefu kiasi kwamba mtoto anaweza kuingia ameungua na kutoka ameoa. Kozi nayo ifungwe, kwa kuwa haijawahi kuwepo. Stoo ya dobi itakuwa sebule ya wageni mashuhuri. Kuhusu bingwa mpya, nafasi itatangazwa mara tu kamati ya kutangaza nafasi itakapopata mwenyekiti.

Mama Viraka aliusoma waraka huo chumba cha kubadilishia nguo, akaukunja, akavaa kofia yake ya upasuaji. Nilimwona amenyong'onyea kama sijawahi kumwona. Kazi yote ya umri wake ilikuwa inafungwa kwa aya tatu.

Katikati ya mwezi huu akaletwa mwoka mikate. Mashine ya kukandia unga ilikuwa imemchuna mgongo wa mkono wa kulia hadi kano zikaonekana. Kidonda cha namna hiyo hakifunikwi kwa ngozi nyembamba, na kumpeleka hospitali kuu akasubiri foleni kulimaanisha kuupoteza mkono. Kikainuliwa kiraka chenye shina chini ya tumbo, karibu na nyonga, mkono ukashonewa hapo hapo. Mgonjwa hukaa hivyo wiki tatu hivi, hadi kiraka kizoee damu ya mkono, ndipo shina likatwe na mkono uwe huru.

Wiki tatu, kwa kalenda ya kawaida, zinaangukia Julai. Ofisi iligundua hilo wiki iliyopita, ukaitishwa mkutano wa dharura. Mjumbe mmoja alishauri mgonjwa asafirishwe kwa basi, mkono tumboni, akakatwe huko mbele. Mwingine alishauri aahirishwe. Wa tatu, ambaye namheshimu kwa ujasiri wake, aliuliza kuna ubaya gani mkono ukibaki tu pale ulipo. Mke wa mwoka mikate, aliyekuwa nje ya mlango, alimjibu kwa sauti iliyofika ndani.

“Hata mimi sina neno! Kwa mara ya kwanza kwenye ndoa hii najua mkono wake uko wapi.”

Walimwomba Mama Viraka arudi Julai kwa kujitolea. Akakataa. Alisema kwa upole kwamba miguu imechoka, na kwamba Bwana Ngiri anaiweza kazi hiyo. Wakamkumbusha waraka. Akasema waandike mwingine, au mmoja wao aende wodini akamweleze mgonjwa. Hakuna aliyejitolea kwenda. Mwanasheria akashauri kwamba ruhusa ya mkono mmoja tu italeta maswali kuhusu mikono mingine, kwa hiyo juzi Mkurugenzi alitia saini waraka mpya: madaktari waliofunzwa hapa waendelee kuwahudumia wagonjwa hawa, na mafunzo yaendelee chini ya Bwana Ngiri. Wageni mashuhuri watatafutiwa sebule kwingine.

Nasikia huko Ofisini wanamsikitikia Mama Viraka kwamba uzee umemfanya asahau tarehe. Mimi nilikuwepo. Kabla ya dawa ya usingizi alimwinamia mwoka mikate na mkewe, akawaambia wazi kwamba siku ya kukata shina yeye atakuwa ameshastaafu, na kwamba atakayeanza kazi leo ndiye atakayeimaliza. Mwoka mikate alimtazama Bwana Ngiri juu mpaka chini, akasema yeye anamtaka atakayekuwepo siku ya kutoa nyuzi. Bwana Ngiri akachora, akakata, akakiinua kiraka. Mama Viraka alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, mpaka akaona ngozi imebaki na rangi ya uhai. Kisha akavua glavu ambazo hazikuwa na hata tone la damu, akatoka nje. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, hakuwahi kutoka chumbani mgonjwa wake akiwa bado wazi mezani.

Mama Viraka, kwa niaba ya wote uliowafumulisha mashuka, tunakushukuru. Pengo lako litaniuma, na sioni aibu kulisema hapa. Mungu akupe siku nyingi za kulala mpaka jua liingie dirishani, wajukuu wasioungua, na kahawa utakayoimaliza kabla haijapoa, bila kuitwa chumba cha upasuaji. Tutakupigia simu kukusalimu tu.