Ragna Fosse na Uji wa Asubuhi Ile

Ni wangapi kati yenu watu wazima hapa mliokula uji wa Ragna asubuhi ile?

Ragna Fosse alizaliwa Machi 3, 1901, hapa Nordli, Minnesota, binti wa pili wa Ole na Marit Haugen. Alisoma hadi darasa la nane, akaacha mama yake alipougua. Mwaka 1924 aliolewa na Anders Fosse. Mungu hakuwajalia mtoto. Kwa miaka thelathini alipika katika jiko la chini ya kanisa hili, na hakuna aliyetoka humo na njaa, iwe harusi au msiba.

Mei 1957, Signe Bakken, mtoto wa miaka saba, alikuwa apasuliwe moyo mjini Minneapolis. Mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu yake ilibidi ijazwe kwanza damu ya watu wengi, iliyotolewa asubuhi ileile. Ragna ndiye aliyepita mlango kwa mlango, akapata watu kumi na wanane. Hospitali ilimwambia kwa simu wasile chenye mafuta. Lakini kwetu uji wa malai, ile krimu ya maziwa, hauhesabiwi kuwa chakula, na kumsafirisha mtu tumbo tupu ni dhambi. Akawapikia, siagi ikielea juu. Einar Moe akamtania: "Dada Ragna, ukinipa bakuli la tatu, damu yangu wataipaka kwenye mkate."

Kule hospitalini, damu yao ilipotolewa na kutulia, chupa zilikuwa na ukungu mweupe kama maziwa.

"Mama, umewalisha nini hawa?" nesi aliuliza.

"Uji tu, mwanangu."

Damu yenye mafuta haikufaa kwa mashine, upasuaji ukaahirishwa. Kabla zamu nyingine haijafika, nimonia ilimchukua Signe.

Walikula wote, akalaumiwa mmoja. Wanaume wenye ndevu walisema wao walipewa tu. Ragna aliliacha jiko bila kufukuzwa, na ibadani akawa anakaa karibu na mlango ili aondoke kabla ya salamu. Miaka kumi na moja, hakuna aliyemfuata nje. Aibu hiyo ni yetu, tuibebe.

Saratani ya tumbo ilimlaza Agosti. Alifariki nyumbani Alhamisi, Novemba 14, 1968. Ameacha mume wake, Anders, dada yake, Tilda, na mpwa wake Leif, aliyeandika haya. Bwana ampe pumziko tulilomnyima sisi.

Leif aliyasoma haya kanisani, na kesho yake asubuhi alimkuta Borghild Bakken, mama wa Signe, makaburini. Mchimbaji alikuwa ameanza kaburi la Ragna kule pembeni, kwenye uzio. Borghild akamnyang'anya sepeto.

"Sio huko," alisema. "Mlazeni hapa, na mwanangu."

Akaanza kuchimba mwenyewe.