Mama Geuza na Vifuniko Kumi na Viwili

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika maabara yetu ya magonjwa ya tumbo ya nguruwe, fundi sanifu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Geuza, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa, na kwa sababu wengine wote walijidai wana kazi nyingi.

Kazi yake kwa lugha nyepesi ni hii: kinyesi cha nguruwe anayehara huletwa kwenye kichupa, naye hukipaka kidogo kwenye sahani ndogo yenye chakula cha bakteria, huifungia kwenye kabati la joto, na kesho yake husoma kilichoota. Ameshasoma sahani zaidi ya laki moja. Harufu aliizoea wiki ya kwanza. Shemeji yetu, mumewe, anasema yeye hajaizoea mpaka leo.

Ni yeye aliyebaini kwamba kuhara kwa watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya, katika mashamba tisa, hakukutoka kwenye chakula kama sisi wajuaji tulivyoshikilia, bali kwenye mabomba ya maji. Miaka miwili alifuata sampuli kila Jumatatu, iwe mvua iwe jua. Wafugaji wakasafisha mabomba, na dawa za kuhara walizokuwa wakiwapa nguruwe hovyo zikapungua kwa zaidi ya nusu. Kwenye ripoti jina lake lilikuwa la nne. Yeye hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake, nikaambiwa nikae chini.

Lakini jina la Mama Geuza halikutokana na sifa hizo, na mwenyewe ameniagiza nisilifiche.

Alikuwa katika mwezi wa tano kati ya sita ya majaribio kazini. Mezani palikuwa na sahani kumi na mbili, sita za shamba moja na sita za jingine, naye alikuwa ameandika namba kwenye vifuniko. Alizifunua zote ili asome, akavipanga vifuniko pembeni, kisha kiwiko kikavigusa. Lo! Vyote chini. Akaviokota, akavirudisha kwa kukisia, akajaza fomu kana kwamba hapakuwa na neno.

Majibu yakasema nguruwe wa mama mmoja mjane, arobaini na mmoja kwa idadi, wana salmonela, bakteria hatari wa tumbo anayeambukiza hata watu. Jumatano amri ikabandikwa ubaoni: wachinjwe wote Ijumaa. Hao nguruwe ndio waliokuwa ada za watoto wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa kifo kilikuwa kinaelekea kwa asiyeficha kitu.

Alhamisi asubuhi, fundi wetu akabisha mlango wa mkuu wa maabara wa wakati ule, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, akasema yote. Alikuwa ameshafungasha vitu vyake kwenye mfuko. Mkuu akamwongezea miezi sita ya majaribio, akamwamuru avae buti akachukue sampuli upya kwa mkono wake. Shambani mjane hakumpa hata salamu. Alimwonyesha tu beseni la dawa ya kuua vijidudu, akamtaka aoshe buti mara mbili. Majibu mapya yakatoka: nguruwe wake wazima. Wagonjwa walikuwa wa lile shamba jingine, la jirani, waliokuwa wameandikwa wazima.

Tangu hapo sahani huandikwa kwenye kitako, kwa sababu kifuniko huhama na kitako hakihami. Kila mgeni maabara hii amesikia sauti ikimjia kutoka nyuma ya bega: geuza! Nami nimeisikia, na siku ile nilikuwa tayari na shahada mbili. Ugonjwa huo umehamia hadi nyumbani kwake. Vikombe vina majina chini, viatu vya wajukuu vina majina kwenye soli, na shemeji anadai naye anachungulia nyayo zake asije akawa ameandikwa.

Mama Geuza, saa ya ukutani utakayokabidhiwa leo haina maandishi mbele. Usidhani tumesahau. Nyuma kuna majina yetu ishirini na matatu, na juu yake kuna jina moja lisilo la mfanyakazi. Yule mjane, bibi sasa, alikuja wiki iliyopita kwa mguu wake kuliandika. Pale mlangoni aliosha viatu mara mbili bila kuambiwa, akauliza kama yule fundi wa Alhamisi ile, anayemwita mwanawe, bado yupo kazini. Tukamwambia yupo.

Asante kwa kubisha ule mlango. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, mama yetu. Saa ukishaipokea, geuza.