Bi Tamima na Hodi ya Mtondooni

Jumanne ya tarehe 28 Februari 2023, Bi Tamima Saud anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi katika ofisi yetu ya kilimo, Chake Chake. Tulimbembeleza aombe mkataba angalau mpaka masika yapite. Akasema sheria ni sheria, na magoti nayo yana sheria zao. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa kuwa meza zetu zimetazamana miaka mingi na, kwa maneno ya wenzangu, kwa kuwa mdomo ninao.

Alizaliwa hapa hapa wilayani Chake Chake mwaka 1963, katika ukoo uliotoka Oman zamani sana, ukakaa Pemba mpaka Kiarabu chao kikabaki cha kwenye sala tu. Babu yake mzaa mama alikuwa na shamba la mikarafuu Mtondooni, upande wa Pujini. Baada ya Mapinduzi shamba lilikatwa eka tatu tatu wakagawiwa wananchi. Tamima alikuwa bado wa kubebwa. Mama yake, Bi Rawya, aliyezaliwa katika nyumba ya shambani kule, akahamia mjini na kuishi kwa cherehani, na jina la Mtondooni halikutajwa tena ndani ya nyumba yao. Binti alipomaliza chuo cha kilimo Unguja na kurudi kuwa bibi shamba, jirani walidhani ni mzaha.

Sasa niseme lile ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna aliyethubutu kuliandika: Bi Tamima anaogopa majongoo. Bibi shamba mzima! Jongoo akionekana kwenye kitalu, yeye yuko juu ya ndoo, na dereva wetu Pandu anaitwa mbio kuja kuamua ugomvi.

La pili ni gahwa yake. Alikuwa akituletea birika kutoka nyumbani, chungu kama dawa, na hiliki tele. Kwa watu wa kwao ukitosheka unatikisa kikombe. Usipotikisa unamiminiwa tena. Mkuu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka nje ya Pemba hakulijua hilo. Alikunywa kwa adabu, akamiminiwa, akanywa, akamiminiwa, jasho likamtiririka, nasi sote tumekaa kimya tunamtazama. Usiku ule hakupata usingizi, na kesho yake alikuwa wa kwanza kufika kazini.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeandika vichekesho peke yake. Aliyekuwepo katika ile miaka ya mwanzo ya vyama vingi hana haja ya kukumbushwa. Watu walisusiana maduka, wakasusiana hata misiba. Na kila uchaguzi ulipokaribia, uvumi ule ule ulitolewa kabatini na kupigwa pasi: Waarabu wanarudi, wanataka mashamba yao. Kwa mtu mwenye sura na jina la Bi Tamima, uvumi ule ulikuwa unatembea naye. Sokoni aliulizwa, kwa mzaha usiokuwa mzaha, kama keshakata tiketi ya Maskati. Hata kazini, alipotajwa kuongoza kitengo cha miche, kuna aliyetaka kujua kwanza babu yake alikuwa nani. Yeye amesamehe. Mimi hasira ninayo mpaka leo. Nafasi ile alikuja kuipata baada ya maridhiano ya 2010, na nywele zimeshaanza kuwa nyeupe.

Masika ya mwaka 2000, mwaka wa uchaguzi, alipangiwa kupeleka miche ya mikarafuu Mtondooni. Hakukataa. Alikwenda na Pandu, wakashusha miche kando ya njia, kisha akafanya kama alivyofundishwa chuoni: akavuta kamba toka pembe hadi pembe, akapigilia vijiti pale mashimo yatakapochimbwa. Kazi safi, mistari imenyooka. Ila jiweke mahali pa watu wa Mtondooni. Mjukuu wa mwenye shamba la zamani kaja na gari ya serikali, mwaka wa uchaguzi, anavuta kamba na kupigilia vijiti ndani ya eka zao. Nani hapo angefikiria mikarafuu?

Kulipokucha vijiti vyote vilikuwa vimeng'olewa. Bi Kazija, mjane aliyepewa eka pale ilipokuwa nyumba ya babu, alikuwa amevifanya kuni na kuchemshia muhogo, na sheha alipomuuliza hakuficha.

“Kweli nimevipikia, na muhogo umewiva,” alijibu. Kisha akamgeukia Bi Tamima. “Nawe, kwenu si huku. Kwenu huku kulikwisha.”

Ofisini kukawa na zogo. Kuna waliotaka polisi waitwe, na kuna walioona heri Bi Tamima ahamishiwe Micheweni akae na mafaili. Ingekuwa hivyo basi yamekwisha: yeye asingekanyaga tena Mtondooni, wao wangebaki wanaamini wamemfukuza mnyang'anyi, na miche ingekufa, maana mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Aliomba jambo moja tu, aachiwe arudi. Bila gari, bila kamba, bila vijiti.

Basi akaenda akasimama njiani, ukingoni mwa eka za Bi Kazija, akapiga hodi. Shambani! Mlango hakuna, ukuta hakuna, ni muhogo na migomba tu. Akaita hodi kwa sauti, na nyuma ya muhogo sauti ikajibu, “Hamna mtu!” Bi Tamima akashukuru, akainywesha miche iliyokuwa kivulini kando ya njia kwa maji aliyoyaomba nyumba ya mbali, akashika njia kurudi mjini. Kesho yake tena. Na siku iliyofuata. Ofisini tulicheka mpaka machozi. Tukikutana asubuhi, salamu yetu ilikuwa kuulizana kama leo hodi imeitikiwa.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kaka yake Marhoun, aliyekwishahamia Maskati, alipiga simu akamkaripia, eti anawapandia mikarafuu watu waliochukua ya kwao. Mama alikuwa akiufua udongo mwekundu kwenye buibui la mwanawe bila ya kuuliza umetoka wapi. Siku moja tu aliuliza, ameinamia beseni, “Kisima kingalipo?” Bi Tamima alikuwa hajaruhusiwa kufika huko ndani. Alipotusimulia hilo, kicheko cha ofisini kilikatika.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Bi Kazija. Asubuhi moja alitoka muhogoni na panga mkononi (alikuwa anapalilia, tusimsingizie) akauliza alilotaka kuliuliza tangu mwanzo.

“Kamba ile ilikuwa ya n'ni?”

Bi Tamima akamweleza: ni ya kuachanisha mche na mche, mizizi isije ikagombana. Kisha akamwambia kwamba kamba ataishika yeye mwenye shamba, vijiti atavipigilia yeye, na bibi shamba atabaki hapo hapo njiani. Bi Kazija akaenda akaifungua kamba ya mbuzi wake. Akapima kwa jicho na kwa ubishi, na mistari ikatoka imepinda, huku miche imebanana, kule imeachana kama watu walionuniana. Bi Tamima aliona yote. Hakusahihisha hata kijiti kimoja.

Jirani walipoona Bi Kazija anapanda, nao wakatafuta kamba zao. Mikarafuu ile leo inachumwa, na imepinda vile vile. Kuna wageni waliowahi kutembezwa kule, mmoja akauliza kwa mshangao ni mtaalamu gani aliyepanga mistari ile. Bi Tamima alijibu kwamba mtaalamu ni mwenye shamba, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona hata siku alipopewa cheti cha mfanyakazi bora.

Siku mche wa mwisho ulipoingia ardhini, Bi Kazija alimwambia karibu. Akampeleka mpaka kisimani, akachota, akajaza dumu. “Kamchukulie mamako,” alisema. Hakuna aliyempa habari ya mama. Kumbe alikuwa akimkumbuka Bi Rawya tangu ni msichana wa nyumba ile ya babu, na siku zote zile za hodi alijua vyema ni binti wa nani anayesimama juani. Bi Rawya, Mungu amrehemu, aliyanywa maji yale kidogo kidogo, hakutaka yaishe. Yalipoisha Pandu akatumwa na dumu tupu, na akatumwa tena, mpaka njia ile gari ikawa inaijua yenyewe.

Wafanyakazi wapya mnaoshangaa kwa nini ofisi hii inapiga hodi kwenye mashamba ya watu, sasa mmejua. Haikuandikwa na mtu. Tuliiga tu, tukaona milango isiyokuwepo inafunguka.

Yeye mwenyewe hakuiacha hata siku moja. Miaka yote iliyofuata, hata pale Bi Kazija anapomngojea na sahani ya muhogo mkononi, Bi Tamima alisimama kwanza njiani, akaita, akangoja karibu. Tulimwambia yaliyopita yamepita. Akawa anacheka tu. Nadhani lile neno aliloambiwa pale, kwamba kwake si huku, liliingia ndani kuliko alivyotaka tujue.

Wiki iliyopita alikwenda Mtondooni kuaga, nami nikafuatana naye, Pandu akituendesha. Bi Kazija sasa ni mtu mzima sana na macho yamepungua. Alikuwa amekaa barazani. Bi Tamima akasimama pale pale pa siku zote, akapiga hodi. Akapiga tena.

“Wapiga hodi kwenu, Tamima?” Bi Kazija aliuliza. “Leo karibu sikwambii. Karibu aambiwa mgeni.”

Bi Tamima alibaki amesimama na mkono mdomoni. Pandu akaanza kulikagua gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Kisha Bi Tamima alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia kati ya ile mikarafuu iliyopinda bila ya kuambiwa neno.

Bi Tamima, asante kwa miche, kwa gahwa, na kwa adabu uliyotufundisha bila ya kutuhubiria. Mola akupe afya, akupe uzee mtulivu wenye wajukuu wengi na majongoo machache. Ukipita mjini pita na ofisini, kiti chako kipo. Na usisimame mlangoni, kwa sababu nasi karibu hatutakwambia.

Ruweida Mmanga
Kitengo cha Miche