Namba ya Mwalimu Ndani ya Bahasha

Hebu piga picha akilini: benchi refu la mbao mbele ya kibanda cha Daa Abla, kando ya barabara iendayo Hohoe, saa mbili asubuhi, birika la kahawa likifuka moshi na mayai yakikaangwa kwa ajili ya mkate. Mwisho wa benchi, penye mguu mbovu, ameketi Mwalimu Dotse. Kijiweni wanamwita Nukta Sifuri, kwa sababu miaka ishirini na saba amekuwa akiwakata alama watoto wa kemia wanaoacha kuandika sifuri ya mwisho kwenye vipimo vyao. Leo kahawa yake imepoa bila kuguswa. Matokeo ya mtihani wa kemia yametoka jana, na wanafunzi wake kumi na tisa wamepata D7. Kwa C6 ungeingia chuo; kwa D7 unabaki nje ya geti.

— Wanasahihisha kwa mizani, alisema Upepo, mjaza tairi wa ng'ambo ya barabara. Karatasi nzito inafaulu, nyepesi inaanguka.

— Nani kakwambia? aliuliza Daa Abla.

— Shemeji yangu alibeba magunia ya hizo karatasi. Anasema mengine mepesi kama pumba. Ndiyo maana wahenga wakasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

— Mizani ya wapi, wewe? alidakia Uhakika, muuza tiketi za bahati nasibu, ambaye kila siku ana namba mbili za uhakika na hazijawahi kutoka. Lile ni gurudumu. Wanalizungusha, likisimama kwenye saba, shule nzima saba. Kumi na tisa, D saba. Mimi nimeshazicheza leo asubuhi, kumi na tisa na saba.

— Una roho ngumu, kaka, alisema Upepo. Unachezea machozi ya watoto?

— Kufa kufaana.

— Hebu nyamazeni, alisema Daa Abla, akigeuza yai. Mwenye kazi yake yupo hapa, mnamrukia kama jiwe la njiani. Mwalimu, waeleze.

Mwalimu Dotse alivua miwani akaifuta kwa shati. Alijibu taratibu, kama anavyojibu darasani.

— Mtihani wa vitendo hausahihishwi kwa kitabu. Mtoto anadondosha tindikali kwenye chupa mpaka rangi ya njano igeuke waridi, anaandika imetumika kiasi gani. Lakini tindikali ya shule hii si sawa na ya shule ile. Kwa hiyo mwalimu naye anapima, siku ileile, kwa tindikali ileile. Namba yake inafungwa kwenye bahasha pamoja na karatasi za watoto. Msahihishaji huko aliko anaangalia hiyo. Aliyeikaribia anapata alama. Aliyekuwa mbali, hapati.

— Kumbe mizani ipo, alisema Upepo. Mizani ni wewe.

— Ni mimi.

— Basi tatizo ni huruma. Hao wasahihishaji wanahurumia watoto wa mjini tu. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Siku nyingine Mwalimu angemwambia kwamba methali hiyo haikai hapo. Leo alitazama chini, kwenye vumbi.

Hapo akafika binti mmoja na bahasha ya kaki kifuani. Alikuwa Dzigbodi, aliyekuwa akitaka uuguzi tangu akiwa mdogo. Aliwasalimu wote kwa kupiga goti kidogo.

— Shikamooni. Mwalimu, nimeleta fomu ya kurudia mtihani. Nakuomba unisainie.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Nimelinganisha na wenzangu. Wote tulipata mililita ishirini na sita na kitu. Mimi nilipima mara tatu, zote ishirini na sita nukta nne sifuri. Nataka nijue nilikosea wapi, nisirudie. Wewe ulipata ngapi?

— Ishirini na nne nukta nane sifuri, alisema Mwalimu.

Binti alifikiri. Hakuwa na hasira hata chembe.

— Lakini Mwalimu, siku ile chupa yangu ilianguka, ukanipa tindikali yako. Haikubaki nyingine. Wewe ulipima na nini?

Upepo alimtazama Uhakika. Uhakika alitazama tiketi zake. Daa Abla aliinamisha birika juu ya kikombe. Likatoa matone mawili, basi.

Mwalimu aliiona tena siku ile: mtoto analia juu ya vigae vilivyolowa, na yeye anamsogezea chupa yake, huku akijiambia namba ataipata kwa hesabu, kama kitabu kinavyosema. Naye akaipata, akaifunga. Hakukumbuka kwamba tindikali waliyogawiwa wote siku ile ilitoka kwenye chupa kuukuu ya stoo, iliyokwisha kupungua nguvu. Watoto walipima tindikali iliyokuwepo. Yeye alipima ya kitabuni.

Alichukua fomu lakini hakusaini. Aliigeuza, akaomba kalamu kwa Uhakika, akaandika juu kabisa jina la baraza la mitihani, na chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni: Mimi, Dotse, sikupima.

— Watakufukuza, alinong'ona Upepo.

Mwalimu alimgeukia binti.

— Sijui kama watanisikiliza. Fomu nyingine nitakununulia mimi. Lakini mwanangu, hata ukisahau yote niliyokufundisha, nakuomba ukumbuke moja tu: ishirini na sita nukta nne sifuri ilikuwa sahihi.