Amina ya Magreth

Kwenye Noah ya abiria ya kupanda Uru, mzee mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani alikuwa akimweleza mama aliyeketi kati yetu kwamba ameitwa kwenye usuluhishi wa kazi. Kila asubuhi huwatumia wafanyakazi wake neno la Mungu kwenye grupu la WhatsApp. Siku moja, chini ya zaburi ndefu, aliongeza: "Magreth ana mimba, asirudi kazini. Tutafute mpishi mwingine."

"Lakini nilifuta jioni ileile," alisema.

"Baba, wenzake walishaupiga picha ujumbe wako. Huko wataanza nao."

"Wote si waliitikia Amina? Hata Magreth mwenyewe. Maana yake alikubali!"

Nikageukia dirishani. Kwenye grupu letu la jumuiya nimeshaitikia Amina kwa tangazo la msiba kabla sijasoma nani kafariki.

"Alikuwa anaitikia zaburi," mama akasema taratibu. "Huku chini hakufika."

Gari likasimama. Mzee akashuka, simu mkononi, akainamia dirisha letu.

"Amina yake ndiyo ilikuwa ya kwanza," akasema, akidhani bado anajitetea.