Wasifu wa Shangazi Yetu, Aliyeupa Uwanja Mgongo

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli ambako babu alikuwa fundi wa breki. Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1975 alihitimu chuo kikuu katika elimu ya wanyama.

Baba yangu, mdogo wake, ameomba kinachofuata kisomwe bila kupunguzwa. Mwezi Agosti 1976, yeye na wanagenzi wenzake wa karakana walimpiga fundi saa aliyesingiziwa wizi, wakamvunja mguu. Baba alirudi nyumbani akilia, akamwuliza dada yake imekuwaje, maana akiwa peke yake asingethubutu kumgusa mtu yule. Swali hilo likawa kazi ya marehemu kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu.

Alianza na sokwe, ambao mara nyingi huvamia wakiwa wengi dhidi ya mmoja, kwa kuwa hapo hatari kwa kila mvamizi ni ndogo. Aliona kwamba huenda mababu walioshikamana hivyo ndio waliobaki na ardhi na watoto, nasi tumerithi wepesi ule wa kuungana dhidi ya mtu. Kisha akahamia uwanja wa mpira, akawa anaketi kuwatazama mashabiki huku ameupa mchezo mgongo. Kwa misimu kumi na moja hakuona bao hata moja. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Fujo, na sauti yake ilikuwa haifiki kiti cha tatu.

Ni uwanjani humo fundi wa taa alipomwambia, "Dada, mpira uko upande ule."

"Najua, kaka. Umenizibia."

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa mabinti wawili.

Marehemu alikiri kosa moja la kitaalamu. Alimweleza baba habari za sokwe vizuri mno, na baba akazishika kama cheti cha daktari: ni maumbile, basi. Alipogundua hivyo alirudia madaftari yake yote na kuwahesabu wale ambao hawakurusha jiwe. Hakukosa kuwakuta katika fujo yoyote.

"Na hao wana mababu walewale," alimwambia. "Nenda ukamwombe radhi yule fundi saa."

Baba alisema atakwenda. Alisema hivyo miaka mingi.

Oktoba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Aliendelea kusahihisha tasnifu kitandani, kwa penseli, akidai wino mwekundu unawatia watu homa. Jumapili tarehe 4 Juni 2023 alimwuliza baba tena kama amekwenda. Kesho yake baba alikwenda. Aliporudi alisimulia kwamba yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hakusema amesamehe, ila alimtaka arudi Jumapili.

"Basi urudi," marehemu alisema.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Juni, alfajiri, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake wa pekee, ambaye kesho Jumapili, tukiwa bado matangani, ataomba ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa mbili.

Mungu ampe shangazi pumziko lenye amani.