Doa Kwenye Bakuli la Kinu

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Fundi Saa lina mguu mmoja mfupi, nao umewekewa kipande cha kigae tangu zamani. Anayekaa upande huo lazima atulie. Akirusha mikono tu, kahawa ya wenzake inamwagika. Ndiyo maana upande huo ni wa Karani. Miaka thelathini na mmoja alitunza majalada ofisini bila kupoteza hata karatasi moja, na tangu astaafu anajiburudisha kwa kukereza mabakuli katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mashine inazungusha gogo, yeye anashika patasi, anapunguza nje, anapunguza ndani, mpaka ukuta wa bakuli unakuwa mwembamba hata ukiliinua juani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Hauzi. Anayependa anapewa, asiyependa anapewa pia. Asubuhi hiyo, saa nne, alikuja na bakuli moja limeviringishwa kwenye fulana kuukuu, akalifungua magotini taratibu kama anayemfungua mtoto nepi.

— Fundi, niazime kile kioo chako cha jicho, alisema. Kuna doa hapa. Nataka nijue limeingia kiasi gani.

Doa lilikuwa jeusi, urefu wa ukucha, limesimama wima karibu na ukingo. Kwingine kote mbao ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa.

Fundi Saa alibandika kioo jichoni, akaliinua bakuli kwa vidole viwili.

— Unene gani huu?

— Milimita tatu. Nikitoka hapa narudi mashineni, napunguza moja, doa linaondoka. Saa sita dada yangu anashuka kwenye basi, anakuta bakuli halina hata alama ya nzi.

— Na likipasuka?

— Halipasuki.

— Nimeuliza, likipasuka?

— Basi tena, alisema Karani. Mbao nyingine hakuna.

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kawaida, lakini wote walijua. Mbao hiyo ilikuwa kitako cha kinu cha marehemu mama yake. Kinu kilipasuka mdomo, mchwa wakala ubavu, kikabaki kizima kile kitako tu. Dada yake alimpigia simu akamwambia asikitupe, amtengenezee kitu. Na Karani, ambaye haahidi ovyo, aliahidi bakuli ambalo hata mama mwenyewe angeogopa kuliosha.

— Huo ni msumari, alisema Breki, aliyestaafu udereva wa lori lakini bado hukaa kama ameshika usukani. Mtu aligongea msumari, ukaoza, kutu ikanywewa na mti. Nimebeba mbao miaka kumi na tisa, ndugu yangu, hunidanganyi.

— Ulizibeba, lakini hukuziona, alisema Fundi Saa. Zilikuwa nyuma yako.

— Nilikuwa na kioo cha pembeni.

— Ni radi, alisema Shahidi, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea duniani bila yeye kuwepo. Mti ule ulipigwa na radi. Radi ikipita huacha mstari kama huo. Nilikuwepo.

— Ulikuwepo kwenye mti wa mama yake Karani?

— Kwenye mti sikuwepo. Kwenye radi nilikuwepo.

— Na radi haikukuona?

— Ilinikosa kidogo tu.

— Ina macho mabovu, alisema Breki.

Muuza kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Kwa kawaida haingilii, maana wateja wakinuna hawanywi.

— Mimi naona mti umevilia damu, alisema. Kitu kimepigwa miaka hamsini, kitaachaje kuvilia? Mimi mlango ulinibamiza ukucha mwaka juzi, mpaka leo una mstari kama huohuo.

— Basi Karani alipeleke bakuli hospitali, likapigwe picha.

— Cheka tu, Breki. Kahawa yako ya tatu hiyo.

— Ninyi wote hamjui mnachokitazama, alisema Shahidi, na sauti yake ikashuka kama mtu anayetoa siri ya nchi. Hayo ni maandishi. Watu wa zamani walikuwa wakiandika kwenye mti ungali mchanga. Mti unakua, unayafunika, yanabaki ndani. Huo mstari ni mwanzo wa herufi. Karani akipunguza milimita moja, herufi inatimia.

— Akipunguza mbili?

— Anasoma jina.

— Akipunguza tatu? aliuliza Fundi Saa.

Shahidi alilitazama lile bakuli la milimita tatu, akanywa kahawa yake.

— Limepenya, aliendelea Fundi Saa, kioo bado jichoni. Kwa nje ni pana, kwa ndani limebaki kama uzi. Ukipunguza vizuri kwa nje, uzi unaufuta kwa msasa.

— Nilijua, alisema Karani.

Aligonga ukingo kwa kidole, bakuli likalia kwa sauti nyembamba iliyonyooka. Bakuli lenye ufa halilii hivyo. Mkono wake haukuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ameshaanza kulikunja kwenye fulana mwanamke mmoja mwenye mkoba wa safari alipovuka barabara moja kwa moja kuja kwao, magari yakimsubiri.

— Hamjambo, kaka zangu.

— Hatujambo, dada. Karibu.

— Kaka, nimegonga mlango wako mpaka jirani akanihurumia, akanielekeza huku.

— Si ulisema saa sita?

— Nimepanda basi la mapema. Ndilo hilo?

Alilipokea kwa mikono miwili. Akaliinua juani, vidole vyake vyote vikaonekana upande wa pili, naye akacheka kidogo kwa ndani.

— Kumbe hukuwa unajisifu bure.

— Bado kidogo. Kuna doa, nakwenda kuliondoa sasa hivi.

Dada hakuwa anasikiliza. Alikuwa analizungusha bakuli polepole, akilipapasa kwa kidole gumba, mara ya kwanza, mara ya pili.

— Mikato iko wapi?

— Mikato gani, dada? aliuliza Breki.

— Kinu cha mama kilikuwa na mikato mitatu kwenye kitako. Kila akijifungua, anachukua kisu anakata mmoja. Wa kaka, wangu, na wa mdogo wetu. Huyo alikaa miezi mitatu tu. Hatuna picha yake. Hatuna hata shuka.

— Ipo, alisema Karani, akatoa daftari mfukoni. Niliipima kabla sijakifunga kitako mashineni. Mitatu, imesimama wima, urefu wa ukucha, kati ya mmoja na mwingine vidole viwili. Bakuli haliwi duara mpaka uondoe gamba la nje. Lakini kitu kikiwa humu daftarini, kipo.

— Umeipima, kisha ukaikata.

Fundi Saa alikuwa ametoa kioo jichoni. Aliliomba bakuli, akaliinua tena juani, akaweka kidole kando ya doa.

— Urefu wa ukucha, alisema.

Miaka yote ile unga na jasho la mikono viliingia kwenye mikato, mti ukavinywa. Miwili ilikuwa imekwenda na maranda. Mmoja, uliokatwa kwa nguvu zaidi, mzizi wake ulibaki, ndilo hilo doa. Hata Shahidi hakusema kwamba alikuwepo.

Dada aliusogelea, akaugusa.

— Huu ni wa nani?

Karani alifungua daftari. Urefu ulikuwepo, nafasi ilikuwepo, siku na saa aliyopima vilikuwepo. Mkato upi ulikuwa wa kwanza, na mama alianzia upande gani, hakuandika. Yeye ndiye mkubwa. Aliuona ule wa tatu ukikatwa. Alikikumbuka kisu. Alilikumbuka bega la mama lililomziba asione ni upande upi. Akafunua ukurasa uliofuata, ulikuwa mtupu, akaurudisha.

Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Breki. Yakatoka matone mawili.

— Basi ni wake, alisema dada. Sisi wawili tupo.

Karani alitoa kalamu. Chini ya vipimo aliandika tarehe, kisha mstari mmoja, kwa mwandiko uleule wa majalada: mkato uliobaki ni wa mdogo wetu. Akalipuliza vumbi bakuli, akaliviringisha mwenyewe kwenye fulana, akamkabidhi dada yake.

— Karani, alisema Breki, hurudi tena mashineni?

— Kufanya nini? Bakuli limekwisha.